Uzito wa Waliosimama

Mwanza, 4 Februari 2024

Mjomba wangu Twalibu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimelala chali, karatasi nimeiegemeza kwenye sinia, kwa hiyo mwandiko ukipanda mlima usinicheke. Daktari amenikataza kusimama. Ujauzito huu ni wa tatu, na ile miwili ya kwanza unajua ilivyoishia. Safari hii amesema nilale mpaka nitakapojifungua, nisibebe kitu, nisipande gari, nisishtuliwe. Hilo la mwisho Abdulatif amelishika kweli kweli. Hata taarifa ya habari ikianza, mume wangu anazima redio.

Lakini kichwa hakikulazwa. Ofisi imenikubalia nifanye hesabu hapa hapa kitandani, na ya kwanza niliyoiomba ni ya daraja la kwetu Lusegwa. Ndiyo, mjomba, limepita. Lile gogo mnalovukia, ambalo kila masika linaondoka na mtu au mbuzi, tutaachana nalo. Zitasimama nguzo za zege kila upande, waya mbili nene kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na kwenye waya hizo zitaning'inia nondo za kushika sakafu ya mbao.

Sasa nahitaji macho yako. Kuna mahali pawili pa kujenga. Pale njia kuu inapofika mtoni, mto ni mpana. Kule chini kwenye mawe ni mwembamba, ila watu watazunguka sana. Vifaa tulivyo navyo vinatosha kule chini hata daraja likijaa watu bega kwa bega. Pale juu havitoshi kwa kujaa namna hiyo. Lakini daraja la kijiji halijai namna hiyo. Mmoja anaingia, mwingine yuko katikati, wa tatu bado anafunga kanga ng'ambo. Kila mtu ana safari yake na wakati wake, na nafasi ya wote kukutana mahali pamoja ni ndogo mno. Hiyo ndiyo tunaiita hesabu ya uwezekano. Hatusemi daraja halitavunjika. Tunasema uwezekano wake ni mmoja kwa malaki.

Basi niambie watu wa Lusegwa wanavukaje mto. Siku ya soko la Mkuyuni, asubuhi ya shule, harusi, misiba. Ya misiba hasa siyajui, maana sisi wanawake hubaki nyumbani jeneza likiondoka. Ukinijibu vizuri nitalipima pale juu, na mama ataacha kuzunguka na huo mguu wake.

Mama hajambo? Nikipiga simu anasema maneno mawili tu, kisha anampa mtu mwingine. Wewe nimeacha kukupigia simu tangu masikio yako yalipogoma. Barua hii inakuja kwa basi hadi kwa Chausiku, yeye ataipandisha mlimani.

Mpwa wako,
Asia


Lusegwa, 17 Februari 2024

Chausiku mpwa wangu,

Barua ya dada yako nimeipata. Nakuandikia wewe kabla sijamjibu yeye.

Mama yako yuko vile vile ulivyomwacha. Uji anakunywa, chakula anakitazama. Alichotuambia daktari wa Morogoro mimi na wewe ndicho kilichopo. Uvimbe umefika kwenye ini, na hapasuliwi. Juzi amenishika mkono akaniapisha, mimi kaka yake na mkubwa wa ukoo, kwamba Asia asijue mpaka awe na mtoto kifuani. Nimeapa. Abdulatif anajua na amekubali. Nawe nakuapisha kwa barua hii.

Sasa Asia ananiuliza misiba inavukaje mto. Mwenye mimba haelezwi habari za jeneza, hilo tumelikuta kwa wazee wetu. Tena jeneza lipi nimweleze, na dada yangu amelala chumba cha pili? Nikianza kuliandika neno hilo mkono utasema lote. Nitamjibu ya soko na ya shule, hayo yanamtosha.

Ukija Jumamosi leta machungwa, ameyataja.

Mjomba wako,
Twalibu


Lusegwa, 17 Februari 2024

Asia mwanangu,

Marahaba. Endelea kulala, na karatasi iendelee kupanda mlima. Kwetu kila kitu kinapanda mlima.

Habari ulizotaka ndizo hizi. Siku ya soko wanawake wanatoka alfajiri na ndizi, magimbi na mdalasini, kila mmoja na mzigo kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, na wanaachiana nafasi kwa sababu hakuna anayetaka ndizi za mwenzake zimwangukie mgongoni. Watoto wa shule wanakimbia, lakini ni wepesi na ni wachache. Harusi zetu unazijua. Ngoma hupigwa uani kwa bibi harusi, mtoni watu wanapita wakiwa wameshika viatu.

Kamati ya daraja imenifanya mwenyekiti, nadhani kwa sababu kiziwi hasikii malalamiko. Nimewasomea barua yako. Wamefurahi kwamba uwezekano ni mmoja kwa malaki. Mzee Pazi, ambaye hafurahishwi na kitu, akauliza huyo mmoja ni nani, ili aambiwe mapema asipite. Nikamwambia mwenye hesabu hamjui. Akasema basi hesabu hiyo inajua watu wengi na haimjui mtu. Wote wakacheka, nami nikacheka kwa kuwatazama midomo.

Sisi tunataka daraja liwe pale juu, penye njia. Mama yako anakusalimu. Anasema ule.

Mjomba wako,
Twalibu


Mwanza, 10 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo, na mfungo mwema. Mimi safari hii nafunga kwa nia tu.

Mwambie Mzee Pazi ameuliza swali ambalo walimu wangu chuoni walikuwa wakilizunguka. Hesabu hii ukiiuliza habari za madaraja elfu inajibu bila kigugumizi. Ukiiuliza habari za daraja moja, inanyamaza. Daraja moja litasimama au litaanguka, haliwezi kuanguka kidogo kwa malaki. Tena hesabu haina macho. Inajua kile tu ilichoambiwa, na kile isichoambiwa kwake hakipo. Ndiyo sababu nilikusumbua kwa maswali.

Nimelipima pale juu. Nimechukua wavukaji kama ulivyonieleza, kila mtu na safari yake, nikaongeza ziada ya kutosha juu yake, na limekubali. Kuhusu misiba hukuniambia neno. Nimechukulia kwamba watu wanavuka kama siku ya soko, jeneza limetangulia na wengine nyuma yake kwa mstari. Kama sivyo, niandikie kabla mwezi haujaisha. Usipoandika, kimya chako nitakihesabu kuwa ndiyo.

Mafundi watapanda mvua zikikata. Mwambie mama daraja hili nimelipima kwa ajili yake, asije akanicheka mbele ya watu.

Mpwa wako,
Asia


Kilakala, 14 Agosti 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimefika salama na nguo za mama zimefika nami. Nilizifungua, nikazifunga tena. Tumemzika Jumamosi na bado nikisikia mtu anakohoa kwa jirani nainuka kwenda kuchemsha maji.

Nimepita hospitali kumwona Mosi. Mguu umevunjika vibaya, wamemtia vyuma. Ameniambia nikuulize tangu lini ukoo wetu una desturi ya kutupa watani mtoni, maana yeye hakuarifiwa. Akacheka, halafu akalia. Anasema kosa ni la kwao watani, kusimamisha jeneza katikati ya daraja jipya. Nimemwambia watani wamesimamisha majeneza tangu babu zetu hawajazaliwa, ila babu zetu walikuwa wanavuka kwa kukanyaga maji. Sisi wanawake tulikuwa nyumbani, tulisikia nondo zinakatika kule bondeni tukadhani ni mti unaanguka. Namshukuru Mungu waya kubwa zilishika. Vinginevyo tungewalilia wanaume wote wa Lusegwa kwa siku moja.

Lakini lililonifanya niandike ni Asia. Jana amepiga simu, akidhani bado niko huko Lusegwa, akataka kuzungumza na mama. Nikasema mama amelala, mafua yamemkausha sauti. Akasema basi mwekee simu sikioni, yeye atasema peke yake. Mjomba, niliiweka simu juu ya mto wa kitanda, na dada yangu akaongea na mto mtupu. Alikuwa anamwambia mama kwamba mtoto anacheza sana usiku. Nilitoka nje.

Ofisi yake imeshapata habari kwamba daraja limeumia. Atauliza siku hiyo kulikuwa na nini. Tumwambie nini? Umebaki mwezi mmoja na kidogo.

Chausiku


Lusegwa, 18 Agosti 2024

Asia mwanangu,

Nimeandika barua hii mara tatu. Uzee.

Daraja lako zuri limeumia kidogo, usihangaike. Jumamosi ile ya tarehe kumi kulikuwa na harusi, mtoto wa upande wa kule juu ameoa huku kwetu. Vijana walianza ngoma darajani, furaha ikazidi, nondo za katikati upande mmoja zikakatika na sakafu ikalala. Mosi, yule mtani wetu, ameanguka kwenye mawe akavunjika mguu. Hakuna aliyekufa kwa kuanguka. Tumefunga njia kwa kamba na watu wamerudi kwenye gogo.

Kijana wa ofisi yenu, Evance, anakuja kupima. Tutamwonyesha kila kitu.

Mama yako ametulia. Hana maumivu tena. Wewe jilinde, huo ndio wosia wake kila siku.

Mjomba wako,
Twalibu


Mwanza, 29 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimepokea barua, na Evance amenitumia picha. Nililia kidogo nilipoona sakafu imelala vile, ni kama kuona nguo uliyoshona mwenyewe imechanika mgongoni mwa mtu. Poleni sana, na Mosi mpeni pole yangu. Nitamlipa kwa utani nikija.

Lakini nimepumua pia. Ngoma ni ugonjwa unaojulikana. Watu wengi wakikanyaga kwa mdundo mmoja, daraja jepesi hucheza nao, na nguvu inakuwa kubwa kuliko uzito wao. Dawa yake ni rahisi. Tutaweka nondo mpya na kibao cha kukataza ngoma darajani. Hesabu ya watu naiacha kama ilivyo, kwa sababu daraja halikushindwa na wingi wa watu, limeshindwa na mdundo. Ofisi inataka lifunguliwe kabla ya vuli, kwani gogo lile linanitia hofu zaidi. Evance akileta vipimo vya nondo zilizokatika nitatia saini, na mafundi watapanda wiki hiyo hiyo.

Mama ana simu siku hizi? Chausiku ananiambia amelala kila ninapopiga. Usingizi huo mimi ningeupenda.

Asia


Lusegwa, 4 Septemba 2024

Chausiku,

Nilidhani nimemdanganya mtu mmoja. Kumbe nimedanganya daraja.

Soma barua ya dada yako niliyoiambatanisha. Anasema atarudisha nondo zile zile na hesabu ile ile, na kibao. Ataweka saini kwa sababu ya harusi ambayo haikuwapo. Nasi hatukuumizwa na ngoma. Tuliumia kwa kusimama. Mzee Pazi yuko kitandani tangu wiki iliyopita, na watoto wake wameanza kuitana. Siku yake ikifika tutambeba, watani watatusimamisha, na kijiji chote kitakuwa juu ya zile mbao kama tulivyokuwa na mama yako. Safari ile waya zilishika. Nani ameniambia zitashika tena?

Nikisema, naweza kuua kilicho tumboni. Nikinyamaza, naweza kuua walio mbele ya macho yangu. Niliapa kwa dada yangu, na dada yangu hayupo nimuulize. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Naomba unisaidie kufikiri.

Twalibu


Kilakala, 6 Septemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Nyamaza. Nakuomba kwa magoti. Zimebaki wiki chache tu, mtoto akilia mimi mwenyewe nitapanda basi kwenda Mwanza kumwambia. Daraja lifungwe hata kwa miiba, watu wazunguke, Mzee Pazi Mungu atampa nguvu. Yeye dada yangu amezika mimba mbili. Kama ya tatu itaondoka kwa mkono wetu, sitaweza kumtazama, na wewe hutaweza.

Chausiku


Mwanza, 8 Septemba 2024

Mjomba Twalibu,

Shikamoo.

Vipimo vya Evance vilifika juzi. Nimekaa navyo siku mbili kabla ya kukuandikia.

Ngoma hulegeza boliti daraja zima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapa boliti zote zimekaza kama siku zilipofungwa. Nondo za pembeni hazikuguswa. Za katikati peke yake ndizo zimevutika, zimerefuka polepole kwa mzigo ambao ulikuja ukasimama pale pale, na hatimaye zikakatika. Nimegeuza hesabu kinyumenyume ili nione ni watu wangapi. Mjomba, ni wanaume wote wa Lusegwa na wengine wa jirani zetu wa Misheni. Walikuwa wamebanana mahali padogo pa katikati, wakizunguka kitu kimoja, wala hawakuwa wanacheza.

Harusi haisimami darajani. Tena harusi gani kwetu katika mwezi wa Safar, ambao watu wetu hawaozeshi? Evance ananiambia kila aliyemuuliza alimjibu kwa maneno yale yale. Watu wa Lusegwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya bei ya ndizi.

Kinachosimamishwa njiani ni jeneza. Watani nimewaona mlangoni, wanamzuia maiti asitoke mpaka wapewe chochote. Sikujua kwamba wanafuata hadi mtoni. Nilikuuliza mwezi wa pili, na hukunijibu. Nikajiuliza ni kwa nini mtu anieleze soko, shule na harusi, aache hilo moja. Nikajiuliza jeneza la nani linaweza kukusanya watu wote hao, na kijiji kizima kikubali kunificha. Nikakumbuka nilivyokuwa nikiongea na simu na hakuna aliyekuwa akipumua upande wa pili.

Saini sijatia. Nimeiambia ofisi kwamba hesabu yangu ya kwanza haifai. Nilichukua watu kana kwamba kila mmoja anavuka kwa lake, na nikazidisha nafasi ndogo kwa nafasi ndogo mpaka nikapata namba ya kujivunia. Msiba ni siku ambayo hakuna mwenye safari yake. Siku hiyo uwezekano wa wote kuwa mahali pamoja si mdogo. Ndiyo maana ya siku yenyewe. Nimeomba daraja lihamishwe kule chini kwenye mawe, lipimwe kwa watu wote bega kwa bega, wamesimama kwa muda wowote watakaotaka.

Hayo ni ya ofisi. Yangu mimi ni haya. Sijalia. Abdulatif ananiletea chai na kunitazama usoni, nami namtazama, namwacha anifiche kwa sababu anajitahidi sana. Hesabu imenipa uwezekano mkubwa, mkubwa kuliko wowote niliowahi kuupata, lakini siwezi kulia kwa uwezekano. Labda nimekosea mahali. Labda mama amelala kweli. Msiba huletwa na mtu, anapiga hodi, anaketi, anasema. Mimi hakuna aliyeniambia.

Mpwa wako,
Asia


Lusegwa, 9 Septemba 2024

Asia mwanangu,

Barua hii nimeitia ndani ya barua ya Abdulatif. Nimemwagiza asikupe mkononi tu akaondoka. Akupe akiwa ameketi kitandani kwako, amekushika, na mkunga yuko nyumba ya karibu. Nimemwagiza hivyo kwa sababu mimi mwenyewe siwezi kufika, na jambo hili halifai kufika lenyewe.

Mama yako amefariki. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Dada yangu Maimuna, mama yako, alifariki Ijumaa tarehe tisa Agosti, asubuhi, nyumbani kwake. Alikuwa mgonjwa tangu mwaka jana, ugonjwa wa ini. Alituapisha tukufiche, nami niliapa, na leo navunja kiapo na nitajibu kwake tutakapokutana. Sikuvunja kwa wepesi. Chausiku amenikataza, usimlaumu kwa kuficha wala usinilaumu kwa kusema.

Harusi haikuwapo. Jumamosi ile tulikuwa tunampeleka mama yako makaburini ng'ambo, na sasa nitakujibu lile ulilouliza mwezi wa pili. Sisi msiba tunauvuka hivi. Jeneza halibebwi na watu maalumu. Kila mwanaume anataka kutia bega hata kwa hatua chache, kwa ajili ya thawabu, kwa hiyo wa nyuma wanasukuma kuja mbele na wa mbele wanarudi nyuma waje tena. Siku ile walikuja wote, hata Agustino na wenzake Wakatoliki wa Misheni, kwa sababu mama yako aliwauzia mbegu na kuwakopesha maneno mazuri maisha yake yote. Tulipofika katikati ya daraja, Mosi na watani wenzake walikuwa wamelala sakafuni mbele yetu. Mosi akasema, nimemsoma midomo, "Maimuna haendi. Alinitukana Jumatatu na bado sijamjibu."

Desturi ni kuwapa kitu kidogo wakainuka. Nilikuwa nacho mfukoni, nimekishika. Sikukitoa. Asia, ningekitoa tungepita na daraja lako lingekuwa zima hadi leo. Lakini nilimwona dada yangu ametulia mabegani mwa watu, juu ya maji aliyokuwa akiyaogopa tangu utoto, na watu wanamtania kama yuko hai, na nikajua tukifika ng'ambo ni shimo. Nikasema moyoni, akae nasi kidogo. Huku nyuma watu hawakuona kilichotusimamisha, wakazidi kuja ili wamguse. Sikusikia nondo zikikatika, mimi sisikii kitu. Nilihisi miguuni. Sakafu ikalala upande, Mosi akateleza akaenda kwenye mawe, na wengine wakashika waya kwa mkono mmoja.

Mkono wa pili walikuwa wamempa mama yako. Hakuna aliyemwachia. Walimpitisha juu ya vichwa, mkono kwa mkono, mpaka wa ng'ambo wakampokea. Maji hayakumgusa. Alivuka, na alizikwa kabla ya adhuhuri karibu na bibi yako.

Sasa hili la daraja. Barua yako ya mwisho niliyoipata ni ile ya kibao, nami nakuomba usiweke saini kwa ajili ya ngoma. Ukiweka kibao kinachosema watu wasisimame, tutakisoma, na tutasimama. Watani hawataacha, nami siwezi kuwaambia waache, maana siku yangu nataka wanisimamishe. Mzee Pazi anaumwa sana. Kama hesabu yako haina mahali pa kuweka kaka asiyetaka kufika makaburini haraka, basi tafuta hesabu nyingine, au tupe mahali pengine pa kuvukia. Tutazunguka. Miguu tunayo.

Lakini hiyo ni kazi ya kesho. Leo mwambie Abdulatif akushike vizuri. Kwa kuwa mimi ni mjomba wako na ndiye niliyebaki wa kukwambia, nakwambia. Mama yako amekufa, tumemzika, na aliuliza habari zako mpaka mwisho. Lia, mwanangu.

Mjomba wako,
Twalibu